Goliathi alikuwa na urefu gani? Na maswali mengine ninayoulizwa kuhusu Biblia

Ukifungua 1 Samweli 17:4 katika Biblia nyingi za Kiswahili utamkuta Goliathi ana urefu wa dhiraa sita na shibiri moja, karibu mita tatu. Lakini katika hati ya Samweli iliyopatikana kwenye mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, Mfilisti huyohuyo ana dhiraa nne na shibiri: mita mbili na kidogo. Nakala za zamani za tafsiri ya Kigiriki, ile ya Septuaginta, nazo zinasema nne. Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, anasema nne pia.

Nimeanza na jitu hili makusudi. Nafundisha darasa la Biblia, na wengi wanaoniletea maswali hawaji mikono mitupu, wanakuja na jibu walilokwisha kupewa: “Hakuna hata nukta iliyobadilika.” Wamelishika jibu hilo miaka mingi, kisha jioni moja, simu mkononi, wanakutana na Goliathi wa mita mbili. Hapo anayepungua kimo si Goliathi peke yake. Wanaanza kujiuliza ni mambo gani mengine waliyofichwa, na siwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo niseme mapema msimamo wangu. Mimi ni Mkristo, naiamini Biblia, na sioni kwa nini itetewe kwa uongo wa heri. Maswali yafuatayo ndiyo yanayonirudia mara kwa mara. Mengine yana majibu mazuri sana, mengine yana majibu ya nusunusu, na anayeuliza ana haki ya kujua lipi ni lipi.

“Si imebadilishwa?”

Hili ndilo linaloongoza, na wanaoliuliza si Waislamu tu kama wengi wanavyodhani. Siku hizi naulizwa zaidi na vijana waliobatizwa.

Barua zenyewe zilizotoka mikononi mwa Paulo hatunazo, wala Injili yenyewe ya Marko. Tunazo nakala, na nakala za nakala, zote za mkono. Za Agano Jipya kwa Kigiriki zilizoorodheshwa zinapita 5,000. Wahubiri wanaipenda mno namba hii, na mimi naomba tuitumie kwa kiasi. Sehemu kubwa ya nakala hizo ni za karne ya 9 na kuendelea. Zilizoandikwa katika karne tatu za mwanzo ni chache, na nyingi kati ya hizo ni vipande tu. Tena, wingi wa nakala unatusaidia kujua kilichoandikwa. Hauthibitishi kwamba kilichoandikwa kilitokea. Hayo ni maswali mawili, na tukiyachanganya tunajidanganya wenyewe kabla ya kumdanganya mwingine.

Wingi huo unasaidiaje, basi? Waambie wanafunzi watano wanakili maandishi ya ubao mmoja. Mmoja akiruka mstari, wanne watamuumbua. Ndivyo ilivyokuwa: maandishi haya yalisambaa mapema Misri, Siria, Asia Ndogo na Roma, bila ofisi kuu ya kuyasimamia. Wanakili walikosea, ndiyo, lakini kila kundi lilikosea kwake, na hakuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kukusanya nakala zote ili azigeuze kwa pamoja. Leo wataalamu wanaziweka nakala hizo bega kwa bega na makosa yanaonekana.

Kipande cha zamani zaidi kinachotajwa mara nyingi kimehifadhiwa Manchester, katika maktaba ya John Rylands, na kinaitwa P52. Ni karatasi ya mafunjo yenye urefu wa sentimita 9 hivi na upana wa 6, kingo zake zimeliwa, na imeandikwa pande zote mbili, maana yake ilikuwa ukurasa wa kitabu, si gombo. Upande mmoja una maneno ya Yohana 18:31–33, upande wa pili 18:37–38, Yesu akihojiwa na Pilato. Kilinunuliwa Misri mwaka 1920, kikakaa bila kutambuliwa hadi mtaalamu wa mafunjo, C. H. Roberts, alipokisoma na kukichapisha mwaka 1935. Wengi hukiweka katika karne ya 2, ingawa kukipa mwaka kamili kwa kuangalia mwandiko tu ni kazi ya kukisia, na anayekuambia “mwaka 125” bila kusita anakuuzia uhakika asio nao.

Kwa Agano la Kale, kisa kikubwa ni gombo la Isaya. Kabla ya ugunduzi wa Qumran, ulioanza mwaka 1947 au muda mfupi kabla yake, mojawapo ya nakala kamili za zamani zaidi za Biblia ya Kiebrania ilikuwa ile ya Leningrad, ya mwaka 1008 au 1009 baada ya Kristo. Ghafla likapatikana gombo zima la Isaya, zaidi ya mita saba za ngozi iliyoshonwa, lililoandikwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Pengo la miaka elfu na ushei. Na sura ya 53, ile ya “hakika ameyachukua masikitiko yetu”, ilikuwamo, vilevile tunavyoisoma. Tofauti zipo, na ni nyingi, lakini nyingi ni za tahajia. Chache zina uzito: katika 53:11 gombo linasema mtumishi wa Bwana “ataona nuru”, neno ambalo nakala ya kimapokeo haina, na tafsiri kadhaa za sasa zimelirudisha.

Ningeishia hapo kama ningetaka kushangiliwa. Lakini Qumran hiyohiyo ilitoa pia vipande vya Yeremia kwa Kiebrania vinavyofuata mpangilio wa Septuaginta, ambamo kitabu hicho ni kifupi kwa zaidi ya asilimia 10. Maana yake Yeremia alizunguka katika matoleo mawili kabla ya Kristo, refu na fupi. Isaya anamfurahisha mhubiri, Yeremia anamfikirisha, na wote wawili walitoka katika mapango yale yale.

Sasa Agano Jipya. Mafungu mawili marefu yenye shaka ni Marko 16:9–20 na Yohana 7:53–8:11, kila moja mistari 12. Kodeksi Sinaitiko na Kodeksi Vatikano, nakala mbili za Biblia ya Kigiriki zilizo katika umbo la kitabu, zote za karne ya 4, hazina hata moja kati ya hayo. Hadithi ya mwanamke aliyefumaniwa akizini, ndilo fungu hilo la Yohana, inakosekana pia katika mafunjo ya Yohana yaliyo ya zamani kuliko hizo, na katika nakala za baadaye inahamahama: nyingine zimeiweka mwisho wa Yohana, nyingine ndani ya Luka. Mimi naamini ni kumbukumbu ya kweli kuhusu Yesu iliyokuwa ikisimuliwa bila kuwa na makao, lakini sidhani kwamba Yohana ndiye aliyeiandika.

Nilipoeleza hayo darasani, binti mmoja alifunua Biblia yake, akasoma tanbihi ya chini kwa sauti, halafu akauliza kwa hasira: “Imeandikwa hapa siku zote hizi, kwa nini hakuna aliyetuambia?” Hakuwa amekasirikia nakala za kale. Alitukasirikia sisi walimu, na alikuwa na haki.

Halafu ipo 1 Yohana 5:7–8, yale maneno ya “Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja.” Hayakuwamo katika nakala za kale za Kigiriki, yaliingia kupitia mapokeo ya Kilatini. Msomi Erasmus aliyaacha katika Agano Jipya lake la Kigiriki la 1516 na la 1519, akalaumiwa, akayatia katika toleo la 1522 baada ya kuonyeshwa nakala moja iliyokuwa nayo. Biblia nyingi za leo zimeyaondoa au kuyafungia katika mabano. Ukitetea Utatu kwa mstari huu umechagua silaha yenye kutu. Mababa wa Kigiriki, yaani walimu wa kanisa, wa karne ya 4 walipigania fundisho hilo miaka mingi bila kuutaja.

Je, imani inaanguka? Ufufuo katika Marko uko kwenye 16:6, “amefufuka, hayupo hapa”, na mstari huo hauna ubishi. Kinachobaki bila mguu ni kushika nyoka na kunywa sumu kama ishara ya imani, 16:18. Wanaojaribu mambo hayo wangefanya vyema kusoma tanbihi kwanza.

“Si ni maliki aliyechagua vitabu huko Nisea?”

Hapana. Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu ulioitishwa na maliki Konstantino mwaka 325, ulishughulika na mafundisho ya Ario, padri aliyekana kwamba Yesu ni Mungu sawa na Baba, na tarehe ya Pasaka na nidhamu ya makanisa. Kanuni 20 zilizopitishwa hazina hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Karibu mwaka 180, askofu Irenayo tayari anasema Injili ni nne. Orodha ya vitabu 27 hivi hivi tulivyonavyo tunaikuta katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Kabla ya hapo Eusebio, mwanahistoria wa kanisa, anatueleza bila kificho kwamba Yakobo, Yuda, 2 Petro, 2 na 3 Yohana vilikuwa vikibishaniwa; Waebrania ilisuasua Magharibi, Ufunuo ukasuasua Mashariki. Ulikuwa mchakato mrefu wa matumizi, wenye mivutano, na hata leo Wakristo hawana hesabu moja: Waprotestanti wana 66, Wakatoliki 73, Waorthodoksi wa Ethiopia 81. Kuhusu “Injili zilizofichwa”, ushauri wangu ni mmoja tu: zisome. Injili ya Tomaso, iliyopatikana Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, ni misemo 114. Haina msalaba wala kaburi, na msemo wa mwisho unasema Mariamu atafanywa mwanamume ili aingie katika ufalme. Wanaodhani kanisa liliwaficha wanawake kitu kizuri humo huwa wananyamaza wakifika hapo.

“Mbona inajipinga?”

Mahali pengine inajipinga, na mahali pengine msomaji ana haraka. 2 Wafalme 8:26 inasema Ahazia, mfalme wa Yuda, alianza kutawala akiwa na miaka 22. Katika maandishi ya Kiebrania ya 2 Nyakati 22:2 ana 42, yaani angekuwa mkubwa kuliko baba yake mzazi. Hilo ni kosa la mnakili na sioni sababu ya kulizungushia falsafa.

Yuda Iskarioti ni habari nyingine. Mathayo 27 inasema alijinyonga, na makuhani ndio walionunua konde kwa fedha zake. Matendo 1 inasema yeye ndiye aliyepata konde, akaanguka, akapasuka katikati. Wapo wanaosema kamba ilikatika. Huenda, lakini kamba hiyo iliyokatika haimo katika Mathayo wala katika Matendo, tumeileta sisi. Mimi kinachonivutia ni kwamba wasimulizi wawili, ambao kwa wazi hawakuonyeshana daftari, wanakutana kwenye konde moja lililojulikana Yerusalemu kwa jina la konde la damu, lililohusiana na Yuda na kifo kibaya. Wangelingana neno kwa neno, mtu huyohuyo anayelalamika leo angesema walipanga.

Gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni sensa. Luka anaweka kuzaliwa kwa Yesu katika siku za Herode, na anataja kuandikishwa kwa watu wakati wa Kirenio, liwali wa Siria. Kwa hesabu ya wengi Herode alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo. Sensa ya Kirenio tunayoijua kwa Yosefo ni ya mwaka 6 baada ya Kristo. Yamependekezwa majibu: kwamba palikuwa na sensa nyingine ya awali, kwamba sentensi ya Luka isomwe “kabla ya Kirenio”. Nimeyasoma, na naona yote yanabana. Lakini Luka huyohuyo, katika Matendo 18:12, anamtaja Galio kuwa liwali wa Akaya Paulo alipokuwa Korintho, na maandishi ya mawe kutoka Delfi, Ugiriki, yenye barua ya Kaisari Klaudio, yanamweka Galio hapo karibu mwaka 51 au 52. Ni mwandishi anayejua dunia yake, mwenye tatizo moja la tarehe ambalo sijaona likitatuliwa vizuri.

Wanaopenda akiolojia huniuliza imethibitisha nini. Mawe hayathibitishi muujiza. Yanachofanya ni kuwarudisha watu mahali pao. Mwaka 1961 huko Kaisaria, wachimbaji kutoka Italia walikuta jiwe la chokaa lililotumiwa upya kama kipande cha ngazi katika ukumbi wa michezo wa Kirumi. Lilikuwa na jina la Pontio Pilato na cheo chake cha uprefekti wa Yudea. Watu walikuwa wamelikanyaga muda mrefu. Mwaka 1993, Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, likapatikana jiwe la Kiaramu la karne ya 9 kabla ya Kristo linalotaja “nyumba ya Daudi”. Ni machache, lakini ni imara.

“Wapi Yesu alisema, ‘Mimi ni Mungu, niabuduni’?”

Hakuna mahali aliposema maneno hayo, na anayeuliza hivyo anajua. Kosa letu ni kukimbilia mstari mmoja, kwa kawaida Yohana 10:30, “Mimi na Baba tu umoja”, tukisahau kwamba katika 17:22 Yesu anawaombea wanafunzi wawe na umoja vilevile. Mwenzako akikusomea mstari huo utabaki unajiumauma.

Mimi huanzia Marko, Injili ambayo wataalamu wengi huiona kuwa ya kwanza kuandikwa. Katika sura ya 2 Yesu anamsamehe mtu aliyepooza dhambi zake, si kwa kosa alilokosewa yeye, na waandishi wanaulizana mioyoni mwao ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu. Swali lao ni zuri kabisa, na Yesu hawaambii wamemwelewa vibaya. Katika sura ya 14 Yesu anasema watamwona Mwana wa Adamu ameketi mkono wa kuume wa Mungu, na kuhani mkuu anararua mavazi yake, akiita hiyo kufuru. Kisha naenda Wafilipi 2, barua iliyoandikwa ndani ya miaka 30 hivi baada ya msalaba, ambapo Paulo anachukua maneno ya Isaya 45 kuhusu kila goti kupigwa mbele za Mungu mmoja tu, anayaweka juu ya Yesu, na hasimami kueleza, kana kwamba wasomaji wameshazoea. Karibu mwaka 112 Plinio, liwali wa Bithinia asiyekuwa na huruma nao, anamwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo “kama mungu”. Kwa hiyo hoja kwamba uungu wa Yesu ulibuniwa Nisea imechelewa kwa miaka zaidi ya 200. Mtu anaweza bado kusema Wakristo hao wa mwanzo walikosea. Huo ni mjadala wa haki, nami niko tayari kuufanya.

“Na ufufuo?”

Hapa namzungumzia Yakobo, ndugu yake Yesu, kuliko Petro. Yohana 7:5 inasema hata nduguze Yesu hawakumwamini. Si habari ambayo kanisa lingejitungia, maana linamwaibisha mtu aliyekuja kuwa kiongozi wake. Mwaka 54 au 55 hivi Paulo anawaandikia Wakorintho akiwakumbusha “yale niliyoyapokea mimi mwenyewe”: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akamtokea Kefa (ndiye Petro), wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500, kisha Yakobo. Katika Wagalatia anasema alimtembelea Kefa Yerusalemu siku kumi na tano, akamwona na Yakobo, ndugu yake Bwana. Hiyo ni miaka michache tu baada ya msalaba. Na Yosefo, ambaye hakuwa Mkristo, anasimulia jinsi Yakobo “ndugu yake Yesu aitwaye Kristo” alivyopigwa mawe Yerusalemu mwaka 62 kwa hila ya kuhani mkuu Anano.

Nakataa kusema “mitume wote kumi na wawili walikufa wakitetea ushuhuda wao”, kwa sababu habari za vifo vya wengi wao ni mapokeo ya baadaye sana. Yakobo ananitosha. Kitu fulani kilimgeuza ndugu asiyeamini akawa mtu wa kupigwa mawe, na orodha ya Paulo inasema ni kitu gani. Mwanahistoria anaweza kunifikisha kwenye imani yao na jinsi ilivyoanza mapema. Kwamba Mungu ndiye aliyemfufua, hilo nimeliamini mwenyewe, na silipitishi kama matokeo ya maabara.

“Vipi kuhusu Wakanaani? Na mateso?”

Wanaouliza hili hawatafuti tarehe. Yoshua 6:21 inataja wanaume na wanawake, vijana na wazee, waliouawa kwa upanga Waisraeli walipoiteka Yeriko. Ni kweli kwamba lugha ya vita ya enzi hizo ilikuwa ya majigambo: jiwe la Farao Merneptah, karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo, linadai mbegu ya Israeli haipo tena, na karne nyingi baadaye mfalme Mesha wa Moabu naye akajigamba kwamba Israeli imeangamia milele. Biblia yenyewe inasema watu wa mji wa Debiri hawakusazwa hata mmoja, Yoshua 10:39, na katika Waamuzi 1:11 Debiri ina wenyeji wa kupigana nao. Jibu hilo linapunguza idadi ya waliokufa. Haliondoi swali, na anayelitumia kufunga mjadala hajalisikia swali lenyewe. Mimi namsoma Yoshua nikiwa na Luka 9 mkononi, pale wanafunzi Yakobo (mwingine huyu) na Yohana wanapoomba moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria na Yesu anawageukia na kuwakemea.

Kuhusu mateso nimeacha kutoa hotuba. Yesu alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine, na hakueleza kwa nini mnara ulianguka. Na kitabu kirefu kuliko vyote juu ya jambo hili, Ayubu, kimejaa watu wenye majibu. Elifazi, Bildadi na Sofari wanamtetea Mungu sura baada ya sura, kwa mashairi mazuri na mantiki iliyonyooka: Mungu ni wa haki, wewe unateseka, basi umekosa. Ayubu anabisha, analalamika, anamshitaki Mungu hadharani. Mwishoni Mungu anasema amewakasirikia hao watatu, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Wakaamriwa kupeleka ng’ombe waume saba na kondoo waume saba, na kumwomba Ayubu awaombee.